Dawa Aliyoimeza Habib Peke Yake

Shela, Malindi
Ijumaa, 12 Januari 2024

Shangazi yangu mpenzi Kulthum,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, ila Baba jino lake bado linamsumbua na hataki kung'olewa, anasema hilo jino limeishi naye miaka mingi kuliko sisi watoto. Duka linakwenda. Tangu madrasa zifunguliwe nashona kanzu ndogondogo mpaka macho yanauma, na mabuibui ya wateja yananingoja kwenye kamba.

Habib alirudi kutoka Doha tarehe 22 mwezi uliopita. Miaka miwili kasoro, na bado akiingia ndani nashtuka kama nimeona mgeni. Amenenepa shavu. Amekuletea mafuta ya udi na kitambaa cha kijani, Mzee Jefwa atakukabidhi pamoja na bahasha hii. Ukinijibu, mpe yeye barua akija na gari lake la nazi. Usimwambie mtoto yeyote wa hapo nyumbani anipigie simu. Simu yako, Shangazi, ni redio ya mtaa: sikio la kulia halisikii, spika inafunguliwa, na nyumba nzima inasikiliza.

Sasa kuna jambo. Mteja wangu mmoja, mke wa mtu, mumewe amerudi kutoka safari ndefu. Wamekaa vizuri kama mke na mume wanavyokaa. Siku ya kumi na mbili alikuwa akifua, akakuta ndani ya soksi ya mume karatasi ya vidonge, vimebaki vinne. Alipouliza akaambiwa ni vya malaria. Lakini huyu mteja amekulia pwani hii hii, anaijua dawa ya malaria, na hajawahi kuona mtu akiificha kwenye soksi. Anauliza, je, na yeye avimeze hivyo vinne? Na je, mume anaweza kumpa mke maradhi na mke asihisi kitu chochote?

Wewe ni somo, umefunda maharusi miaka thelathini na kitu, mambo ya chumbani hakuna usilolijua. Nijibu upesi, maana mteja anakuja kila siku kuuliza.

Binti yako,
Sumeiya


Takaungu
Jumamosi, 27 Januari 2024

Mwanangu Sumeiya,

Waalaykum salaam. Marahaba, marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa kwa Jefwa, gari lake lilivunjika ekseli huko Vipingo, naye ni mtu wa kulala na gari lake kama mgonjwa wake. Kitambaa nimekipata, nimeshakishona, na kimenikaa kama nina miaka arobaini. Mwambie Habib Mungu ambariki. Kaka yangu mwambie ang'oe jino aache kututia aibu.

Hapa kwetu wajukuu wa mwenzangu Mwanakheri wamejaa, shule wanaenda na hawaendi. Mwanakheri mwenyewe miguu imevimba. Mimi ndiye ninayempikia uji, sisi wake wenza tuliofiwa na mume mmoja tumebaki kuwa kama dada.

Msalimie mteja wako. Mwambie Shangazi Kulthum anasema ana mwandiko mzuri.

Mambo ya soksi za waume mimi siyaingilii. Mume akitoka safari hapekuliwi, mwanangu, anapikiwa. Huyo mteja asimeze kitu asichokijua. Afanye tunavyofanya sisi siku zote: achukue kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la dukani, akiyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, atie ndimu, ajisafishe nayo ndani jioni tatu, kisha ajifukize udi. Hiyo hukaza na huondoa kila kilichoingia. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na somo wangu, na nimewafundisha wasichana wasiohesabika. Akimaliza anyamaze, acheke na mumewe, na mtoto atakuja in shaa Allah. Miaka minne ya ndoa si mingi.

Usiniulize nilijuaje haya mengine. Niliolewa nikiwa mdogo, nikaona niliyoyaona.

Shangazi yako,
Kulthum


Malindi
Jumamosi, 10 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba aling'oa jino Jumanne na alilia, usimwambie nimekuambia. Wengine wote wazima.

Mteja ni mimi, na wewe ulijua tangu mwanzo. Nimefanya ulivyosema. Jioni ya kwanza iliwasha kidogo, ya pili nilikaa kwenye beseni la maji baridi nikiuma kanga. Ya tatu nilifanya hivyo hivyo, kwa sababu ni wewe umesema. Sasa ni siku ya nne tumbo la chini linauma upande hadi upande, na jana nilikuwa na joto la mwili. Kuna na uchafu unaotoka ambao si wangu wa kawaida. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia, Mama angekuwa hai ningemwambia yeye.

Habib nilimuuliza tena juzi. Akasema, "Sumeiya, wewe umekaa dukani kusikiliza umbea wa wanawake." Kisha akanifuata usiku ule na sikujua nimkatalie kwa maneno gani. Yeye ni mume wangu. Vile vidonge vinne vimeondoka kwenye soksi.

Naogopa kupima. Malindi kila nesi ni mteja wangu au shoga wa mteja wangu, nikionekana kwenye benchi lile la hospitali, kabla sijafika nyumbani habari itakuwa imefika. Na naogopa zaidi kuambiwa ni kile kikubwa. Nikikaa bila kujua, naweza bado kushona.

Niambie nifanye nini. Niongeze shabu?

Sumeiya


Takaungu
Jumatano, 14 Februari 2024, asubuhi

Sumeiya mwanangu,

ACHA SHABU. Acha leo. Mwaga iliyobaki, mwaga na ndimu.

Salamu utanisamehe. Barua yako imefika jana alasiri, nikaisoma mara mbili, nikavaa buibui na kwenda zahanati kwa yule nesi Janet, binti wa kutoka Vitengeni, mpole lakini hasemi mambo nusu nusu. Nikamwambia, "Kuna bibi harusi mmoja ninayemfunda." Akanitazama akacheka, akasema, "Mama, wote wanaokuja hapa wanakuja na shida ya bibi harusi mmoja." Basi nikamwambia ni binti wa kaka yangu.

Nakuandikia aliyoniambia kama alivyoniambia, mengine aliniandikia kwenye kikaratasi nisisahau.

Nilikosea. Shabu haitoi maradhi. Inachubua ndani, na kama ugonjwa upo, kwenye michubuko unapata njia ya kupanda juu. Nimewafundisha wasichana hivyo miaka thelathini na moja, Sumeiya. Jana sikuweza kula chakula cha usiku.

Jibu la swali lako la kwanza, lile la mteja: ndiyo. Mwanamke anaweza kuwa na kisonono au klamidia miezi mingi asihisi kitu, huku ndani kunaharibika. Mwanamume naye hivyo hivyo, akimeza dozi nusu ya dawa ya kununua dukani, maumivu yanaondoka na ugonjwa unabaki. Vidonge vinne ambavyo angekuachia visingekutibu wewe wala yeye. Na akitibiwa mmoja peke yake, mwingine humrudishia.

Wanapima mkojo, wanachukua na pamba ya ndani, hiyo haiumi sana. Damu ni ya kaswende, homa ya ini na virusi vya ukimwi. Nilimuuliza kuhusu hicho kikubwa kwanza, najua ndicho kinachokunyima usingizi. Anasema kuna vidonge vya kuzuia virusi visishike, lakini sharti mtu aanze ndani ya saa sabini na mbili tangu alipokutana na hatari. Nilipiga hesabu ya barua zetu nikalia. Tumekaa na wino na gari la Jefwa, na saa zimepita zamani. Hata usiku ule uliouandika, barua inanifikia siku ya tano. Lakini Janet amesema nikuandikie hivi: kupitwa na vidonge hivyo si kwamba umeambukizwa. Upime sasa, kisha urudie ikitimia miezi mitatu tangu mara ya mwisho mliyokutana, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kusema hakuna wakati bado hakijaona. Na hata ikiwa ipo, kuna dawa za kila siku, watu wanazimeza, wanazeeka na watoto wao na wajukuu.

Ila tumbo na joto la mwili, hilo aliinuka kwenye kiti kulisema. Anasema hilo halingoji hata kesho. Usipime Malindi kama unaona haya, nenda Kilifi, hapana anayekujua. Nami nitakuja tuende pamoja.

Jefwa leo hakuwa na safari. Nimesimama mlangoni kwake mpaka akawasha gari.

Aliniuliza na swali jingine yule binti, sikumjibu, nikamwambia naondoka, gari linaniacha.

Shangazi yako anayekuomba radhi,
Kulthum


Malindi
Jumapili, 3 Machi 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Baba anakula nyama sasa kwa upande mmoja na amekuwa mchangamfu. Dada wa Habib amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Aaliya. Tunajitayarisha na Ramadhani, sambusa nimeshaagizwa na nyumba nne.

Sikukungoja, unisamehe. Barua ilinifikia Jumatano jioni, Ijumaa asubuhi nikaenda Kilifi. Nilimwambia Habib nafuata vitambaa. Daktari alikuwa mwanamke, na nilipokuwa namweleza habari ya shabu nilidhani atanigombeza. Akaandika tu, akauliza mara ngapi, akasema, "Pole, wengi wanafanya."

Ni kisonono, na kilikuwa kimeshapanda kwenye kizazi. Damu: kaswende hapana, homa ya ini hapana na wakanianzishia chanjo yake, virusi hapana, ila nirudi kupima tena baada ya tarehe 8 Mei. Nimepigwa sindano, nimepewa vidonge vya siku kumi na nne vinavyochefua moyo. Nimevimaliza juzi. Tumbo limenyamaza. Kuhusu mtoto hakuniahidi kitu, alisema, "Umekuja mapema kuliko wengi, hilo ndilo ninaloweza kukuambia."

Nilipotoka pale nilikaa kwenye ukuta nje nikala muhogo wa kukaanga, peke yangu, na nilikuwa na njaa ajabu. Hofu ya wiki sita, Shangazi, na kupima kwenyewe hakukufika nusu saa.

Tatizo ni Habib. Nilimweka chini nikamwambia yote. Akasema ameshamaliza dozi yake, haumwi, na mwanamume mzima hawezi kwenda kukaa benchi kutaja mambo yake kwa watu. Mwishoni akasema neno ambalo sitaliandika, la kunigeuzia mimi. Nalala chumba cha mashine. Daktari ameniambia nisikutane naye mpaka atibiwe na ipite wiki, na bila hivyo angalau atumie mpira, na mpira ameukataa pia, anasema yeye si mzinifu kwa mkewe. Hajaondoka, hajanipiga, anakuja dukani kunisaidia kufunga. Lakini hospitali hakanyagi. Nampenda na sijui nimsubiri mpaka lini.

Shangazi, nimesoma barua yako ya tarehe 14 mara nyingi. Janet alikuuliza swali gani? Na gari gani linakuacha, wakati zahanati iko hatua hamsini kutoka mlangoni kwako?

Sumeiya


Takaungu
Jumatatu, 25 Machi 2024
Ramadhani 14

Mwanangu Sumeiya,

Waalaykum salaam, na funga njema. Mtoto Aaliya Mungu amkuze. Mwanakheri hafungi mwaka huu kwa ajili ya miguu, na amekasirika, anatupangia sisi tuliofunga kazi zote za nyumba.

Alhamdulillah kwa tumbo lako. Nimesema mara nyingi zaidi ya hiyo moja niliyoandika.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nimezichana. Jefwa alipita wiki iliyopita nikamwambia bado.

Janet aliniuliza, "Na wewe mama, una watoto wangapi?"

Mwaka wa 1986 marehemu Mohammed alikuwa akienda Mombasa kuchukua bidhaa za duka, anakaa mwezi, mwezi na nusu. Safari moja alirudi, na baada ya siku chache nikakuta vidonge kwenye mfuko wa kanzu yake ya Ijumaa. Akasema ni vya kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilimwamini, au nilitaka kumwamini, sasa siwezi kukumbuka ilikuwa lipi. Baada ya mwezi nikashikwa na tumbo la chini na homa, nikalala wiki mbili. Somo wangu akanipa shabu. Homa ikaondoka yenyewe, tukasema shabu imefanya kazi.

Mtoto hakuja. Nikanywa makombe ya kila sheikh, nikasomewa, nikafungwa hirizi kiunoni, nikaambiwa ni jini, nikaambiwa ni jicho. Mwaka wa saba wa kungoja, Mohammed akamwoa Mwanakheri, na mwezi wa kumi wa ndoa yao Mwanakheri akazaa. Mimi ndiye niliyemwogesha yule mtoto siku ya arubaini. Ndiye baba wa wajukuu hawa wanaonipokelea simu.

Mohammed hakuwahi kuniambia kitu mpaka anakufa. Lakini mwaka wa mwisho, mgonjwa kitandani, alikuwa akiniomba msamaha kila asubuhi, nami nikimwambia, "Wa nini?" na yeye anageukia ukutani. Nilidhani ni msamaha wa ndoa ya pili.

Yote haya nilikuwa nayo, vipande vipande, na sikuviweka pamoja hata siku moja. Janet alipokuwa akinieleza habari yako, alikuwa akinisimulia maisha yangu. Ndiyo maana nilikimbia. Mimi ni tasa, Sumeiya, jina hilo nimelizoea. Kuna nyumba mbili hapa Takaungu hazijawahi kuniita nifunde binti wao, wanaogopa utasa wangu utawaambukiza. Kumbe mimi ndiye niliyeambukizwa. Nina uchungu ambao sikujua kwamba mtu wa umri wangu anaweza kuwa nao.

Usimwambie Baba yako, atakwenda kupigana na kaburi. Habib mwonyeshe. Mpe aisome mwenyewe, usimsomee. Mwambie sikuandika kumtukana.

Shangazi yako,
Kulthum


Malindi
Jumapili, 19 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Imenichukua karibu miezi miwili kuijibu barua yako. Nilitaka nisikuandikie mpaka niwe na majibu yote.

Baba mzima. Mtoto Aaliya anacheka. Dukani mashine mpya, nitakueleza siku nyingine.

Habib nilimpa barua yako usiku wa kuamkia Idi. Aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Akauliza, "Huyu mama alikuwa na miaka ishirini na minne?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya pili ya Idi, watu wote wamevaa wanatembeleana, ilipotimia saa nne akanijia amevaa shati la kazi, akasema twende Kilifi kabla hajabadilisha nia. Nikamwambia siku ya pili ya Idi kliniki imefungwa. Basi tukaenda Jumatatu.

Alikuwa nacho bado, Shangazi. Hakuwa na maumivu, hakuwa na dalili hata moja, na alikuwa nacho. Dawa yake ya soksi haikumtibu. Amepigwa sindano na amengoja siku zake. Yaliyotokea Doha ameniambia, na hayo sitayaandika, ni yangu na yake. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine nimemwambia asubiri, na anasubiri bila kununa.

Juzi Ijumaa tulirudi kupima wote wawili. Virusi hatuna, mimi wala yeye. Daktari alilitamka polepole, nikamwomba anionyeshe karatasi. Nimerudi chumbani kwetu. Mtoto sijui. Sindano haiahidi, lakini daktari anasema tujaribu mwaka mmoja bila hofu, kisha tumwone.

Habib alipotoka kwenda kulipa, nilibaki nikamwambia daktari kuna bibi mmoja. Sikutaja jina. Nilimweleza kuhusu vidonge vya mfukoni, homa ya wiki mbili, shabu, na miaka yote iliyofuata. Alisema bila kumpima mtu hawezi kuapa, na kwa umri huo hakuna cha kupima tena. Lakini akasema hadithi hiyo anaisikia kila mwezi, na karibu kila mara ni mirija iliyoziba kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwa sindano na vidonge vya wiki mbili, hata mwaka wa 1986. Nilimwomba aniandikie. Ameandika kwa kalamu yake nyuma ya kadi, na kadi nimeitia ndani ya bahasha hii, ikae kwako.

Mimi nimeandika yangu hapa, kwa mwandiko huu unaosema ni mzuri. Hukuwa tasa, Shangazi Kulthum. Ulikuwa mgonjwa, na hapakuwa na mtu wa kukupeleka hospitali.

Binti yako,
Sumeiya